Kukatika katikati ya neno: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa Darasa la Tatu mwenye kifafa

Kisa hiki ni cha msichana wa miaka 9, hapa tunamwita Z., kutoka wilaya moja ya mashariki mwa Tanzania. Majina yote, shule, hospitali na mwaka vimeondolewa. Umri na uzito vimeachwa kwa sababu bila hivyo dozi hazieleweki. Dozi zilizotajwa ni za mtoto huyu tu. Asiwepo mzazi wa kuzinakili kwa mtoto wake.

Tumekiandika kwa ajili ya walimu wa madarasa ya chini, matabibu wa kliniki za kifafa, na wazazi wanaokwenda na kurudi kati ya hao wawili wakiwa na kadi mkononi.

Usuli

Z. alianza kuanguka akiwa na miaka 6, wiki chache kabla ya kuandikishwa Darasa la Kwanza. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri. Alikakamaa, akatupa mikono na miguu kwa dakika mbili hivi, akajikojolea, kisha akalala mpaka saa 4 asubuhi. Nyumbani walisema ni degedege, akapelekwa kwa mganga, akafukizwa na kufungwa hirizi. Miezi saba ilipita hivyo. Alianguka mara nne katika miezi hiyo, na mara ya mwisho ilikuwa jikoni, karibu na mafiga, akaungua mkono wa kushoto. Kidonda kile ndicho kilichomfikisha kituo cha afya, na hapo ndipo neno kifafa likatajwa kwa mara ya kwanza.

Alianzishiwa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, ikapandishwa taratibu mpaka miligramu 60 asubuhi na 60 usiku. Alipofika kwetu alikuwa na kilo 24, kwa hiyo alikuwa anapata miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, ukingo wa juu wa dozi ya kawaida ya mtoto. Kuanguka kulipungua sana, mara moja tu katika mwaka mzima. Upande wa kliniki, kazi ilionekana imekamilika. Kadi yake ilijaa maneno yale yale kila mwezi: "Anaendelea vizuri. Aendelee na dawa."

Shuleni hali ilikuwa nyingine. Darasa la Kwanza alihudhuria chini ya nusu ya siku, na huo ndio mwaka ambao silabi hufundishwa. Alipofika Darasa la Tatu alikuwa mmoja wa wanafunzi 94. Alikalishwa benchi la nyuma karibu na mlango, ili akianguka iwe rahisi kumtoa nje, na alikaa peke yake kwa sababu wenzake waliamini povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Mwalimu wake aliandika sentensi tatu katika ripoti ya muhula: "Ni mzito. Anabuni maneno badala ya kusoma. Akiitwa anadharau."

Tunaomba msomaji azishike sentensi hizo. Zote zilikuwa kweli kama zilivyoonekana kwa macho ya mwalimu, na kila moja ilikuwa dalili.

Kipimo cha kwanza

Mwezi wa tatu tulimpima kwa njia nyepesi ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia: kifungu cha maneno 60 cha kiwango cha Darasa la Pili, simu yenye saa, na nakala ya pili ya kifungu ambayo mpimaji anaiwekea alama. Mtoto husoma kwa dakika moja. Unahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha unamuuliza maswali manne kuhusu alichosoma. Z. alisoma maneno 11 na kujibu swali moja.

Kwa Kiswahili, kasi ina maana kubwa kuliko idadi ya makosa. Herufi zetu hazidanganyi: "ba" ni "ba" popote uikutapo, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi ana uwezo wa kutamka hata neno asilolijua. Mtoto mwenye shida ya kusoma Kiswahili mara nyingi hakosei sana, ila anajikokota. Mwalimu akiandika "anajua kusoma" au "hajui" bila kupima muda, hawezi kumwona mtoto anayejikokota, na hatajua kama amesogea mbele au amerudi nyuma.

Tulipima pia silabi moja moja. Z. alizijua vizuri silabi za konsonanti moja. Alikwama kwenye mwambatano, yaani konsonanti zinazoandikwa pamoja: mb, nd, nyw, mbw, ng na ng'. "Mbwa" aliliandika "bwa". Tulichukulia kwamba pengo hilo ni la vipindi alivyokosa, na hatukukosea. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba pengo hilo linaeleza kila kitu.

Uamuzi wa kwanza: dawa usiku, silabi asubuhi

Mama alisema mtoto anasinzia njiani kwenda shule. Kwa makubaliano na tabibu wa kliniki, fenobabitoni ilishushwa kutoka miligramu 120 hadi 90 kwa siku, na yote ikahamishiwa usiku. Kuhamisha saa peke yake husaidia kidogo tu, kwa sababu dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa. Kilichosaidia zaidi ni kupunguza dozi. Mama alionywa asikatishe dawa ghafla hata siku moja, kwani fenobabitoni ikikatishwa ghafla inaweza kuleta kifafa mfululizo kisichokoma, na hicho huua.

Masomo ya ziada yalianza wiki hiyo hiyo: dakika 20, siku nne kwa wiki, kabla ya kipindi cha kwanza. Kila wiki kadi nane za silabi, tano anazozijua na tatu mpya. Kisha kifungu kimoja kifupi kinachosomwa mara tatu siku ile ile, kikifunikwa kwa kipande cha katoni kilichotobolewa dirisha la mstari mmoja, ili jicho lisipotee. Kadi zilikatwa kutoka maboksi ya sabuni. Gharama nzima ilikuwa kalamu moja nene.

Baada ya wiki sita alifika maneno 19 kwa dakika. Kisha akasimama palepale, wiki ya saba, ya nane, ya tisa. Tuliongeza kadi. Hapo tulipaswa kusimama na kuuliza kwa nini, nasi hatukuuliza.

Uamuzi wa pili

Mwezi wa sita mama alilalamika tena kliniki kuhusu usingizi. Siku hiyo alikuwepo tabibu mwingine. Alisoma kadi, akaona fenobabitoni, akaona malalamiko ya usingizi na kutoendelea shuleni, akaamua kumhamishia kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa. Sababu yake ilikuwa na msingi: fenobabitoni hulegeza, huwafanya baadhi ya watoto wahangaike na kushindwa kutulia, na inajulikana kupunguza umakini. Alianza na miligramu 100 mara mbili kwa siku, baadaye 200 mara mbili, huku fenobabitoni ikipunguzwa kwa miligramu 30 kila mwezi. Mpango wenyewe ulikuwa wa uangalifu. Kilichokosekana kilikuwa swali lililotakiwa kutangulia dawa: huyu ana kifafa cha aina gani?

Shule haikuambiwa kwamba dawa imebadilishwa.

Mwezi wa nane usingizi ulikuwa umekwisha. Mama alifurahi. Lakini kipimo cha dakika moja kilishuka kutoka maneno 19 hadi 9, na mwalimu wa darasa alisema sasa dharau imezidi: anaitwa mara mbili, mara tatu, haitiki.

Sekunde nane

Mwalimu wa masomo ya ziada ndiye aliyeona. Z. alikuwa na kifungu chenye sentensi "Hawakumsaidia mzee kubeba kuni." Kidole chake kilikuwa chini ya neno la kwanza. Alisoma "ha-wa-ku-", akanyamaza. Kidole hakikutoka pale. Macho yalipanda juu kidogo, kope zikapepesa haraka haraka, midomo ikabaki wazi. Mwalimu, ambaye kwa kawaida angesema "endelea", safari hii aliitazama saa ya simu iliyokuwa bado inahesabu. Zilipita sekunde nane. Kisha Z. akashusha macho, akakikuta kidole chake, akasoma: "msaidie mzee kubeba kuni."

Kilichoandikwa kinasema watu walimnyima mzee msaada. Alichosoma yeye ni amri ya kumsaidia. Alipoulizwa nini kilimpata mzee, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba alisaidiwa.

Hii ndiyo "anabuni maneno". Neno letu moja hubeba sentensi nzima: nani, lini, amefanya au hajafanya, kwa nani. Vyote hivyo hukaa mwanzoni mwa neno, ndani ya silabi fupi fupi. "Hawakumsaidia" lina silabi nane, na msomaji mchanga lazima azishike tatu za kwanza kichwani mpaka afike mwisho. Mtoto akikatika katikati, kinachopotea ni kile kile kinachoamua maana. Kwa kuwa shina la neno linabaki mbele ya macho yake, anaunda neno jingine halali na kuendelea, na msikilizaji anadhani amekisia kwa uvivu.

Mwalimu alianza kuweka mstari mdogo pembezoni mwa daftari lake kila alipoona kukatika. Katika kipindi kimoja cha darasani, cha dakika 40, aliweka mistari saba. Mama alipoulizwa kama mtoto huwa "anapata mishtuko midogo" alisema hapana. Alipoulizwa tena kama huwa anazubaa, akaguna: "Hiyo ya kuzubaa? Anayo tangu zamani, mwalimu. Bibi yake husema ana mawazo ya kikubwa."

Daktari wa hospitali ya wilaya alimpokea akiwa na daftari lile la mistari mkononi. Kwanza alihakikisha mtoto hana selimundu, pumu wala ugonjwa wa moyo, kwa sababu kipimo kilichofuata hakifai kwa watoto hao. Kisha akamketisha, akampa kipande cha karatasi akipulize kwa nguvu bila kupumzika kwa dakika tatu. Katika dakika ya pili karatasi iliacha kupepea. Macho yakapanda. Sekunde tisa, kisha akaendelea kupuliza kama vile hakusimama. Kipimo cha umeme wa ubongo, kilichofanyika hospitali ya rufaa wiki tatu baadaye, kilionyesha mawimbi yenye ncha, takribani matatu kwa sekunde, pande zote mbili za ubongo kwa wakati mmoja. Huo ni mchoro wa kifafa cha kuduwaa, kile cha kukatika kwa sekunde chache bila kuanguka. Z. alikuwa na vyote viwili, kuanguka na kuduwaa, na tangu mwanzo kilichotibiwa ni kimoja tu.

Kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Kwa kifafa cha kuduwaa huweza kuongeza vipindi, na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, vilevile. Ndiyo maana maneno 19 yalikuwa 9.

Kuchagua dawa kwa mtoto wa kike

Hapa palikuwa na mjadala mrefu, na ulistahili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha dawa tatu kwa watoto 453 wenye kifafa cha kuduwaa. Ethosaksimaidi na valproeti zilizuia vipindi kwa kiwango kinachokaribiana, lamotrijini ikabaki nyuma. Na matatizo ya umakini yalionekana zaidi kwa waliopewa valproeti kuliko ethosaksimaidi. Kwa msomaji anayejikokota, hilo la umakini si dogo. Lakini ethosaksimaidi haizuii kuanguka, na Z. anaanguka. Tena haikupatikana katika duka lolote la dawa ambalo mama angelifikia.

Ikabaki valproeti, dawa inayojulikana kudhuru mtoto tumboni, mwili wake na uwezo wake wa kujifunza, ikiwa mama ataitumia akiwa mjamzito. Z. ana miaka 9. Daktari alimweleza mama haya waziwazi, bila haraka, na akaandika kwa wino mwekundu juu ya kadi: dawa hii ipitiwe upya akifikisha miaka 11 au dalili ya kwanza ya kuvunja ungo, chochote kitakachotangulia. Mama alikubali kwa sharti hilo.

Ilianzwa miligramu 200 usiku. Baada ya wiki moja 200 asubuhi na 200 usiku. Mwezi uliofuata 200 asubuhi na 400 usiku, yaani miligramu 25 kwa kilo. Kabamazepini ilianza kupunguzwa tu baada ya valproeti kufika hatua ya pili, na ikatolewa kwa wiki nne. Fenobabitoni ilikuwa imeshakwisha, na hiyo ilikuwa bahati, maana valproeti hupandisha kiwango cha fenobabitoni kwenye damu na usingizi ungerudi upya.

Wiki ya pili ya kubadilishana dawa alianguka shuleni. Safari hii mwalimu alijua la kufanya: alimlaza ubavu, akaweka sweta chini ya kichwa, akatazama saa, hakumtia kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ilikwisha kabla ya dakika tatu. Ingepita tano, bodaboda ya kumpeleka kituo cha afya ilikuwa imeshaitwa.

Matokeo

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mistari ya mwalimu ilikuwa sifuri au mmoja kwa kipindi. Kipimo kilikuwa maneno 27. Mwezi wa tatu uliofuata, mwaka mmoja tangu kipimo cha kwanza, alisoma maneno 41 na kujibu maswali matatu kati ya manne. Silabi za mwambatano alizimaliza kwa wiki tano mara tu vipindi vilipotulia, isipokuwa ng na ng', ambazo bado anazichanganya: "ng'ombe" na "ngoma" huanza kwa sauti moja anaposoma. Aliongezeka kilo tatu zaidi ya ilivyotarajiwa, madhara ya kawaida ya valproeti, na anafuatiliwa.

Alihamishiwa benchi la pili, kati ya wasichana wawili. Hawakuombwa, mmoja wao ndiye aliyesogea na kumwachia nafasi.

Uchambuzi

Kasi ya kupona kwa silabi inatuambia jambo. Mtoto mwenye ulemavu wa kusoma wa kuzaliwa nao kwa kawaida hashiki mbw na nyw kwa wiki tano, hata akifundishwa vizuri. Anahitaji miezi mingi na marudio mengi. Z. alishika haraka mara tu njia ilipofunguka. Hivyo shida yake ilikuwa tabaka tatu zilizolaliana: ulegevu wa dawa, vipindi vya kuduwaa, na pengo la Darasa la Kwanza. Tulianza na la tatu kwa sababu ndilo tulilolizoea. Masomo yale hayakupotea, lakini wiki za kukwama kwenye 19 zilikuwa zinatuambia kuna kitu kinamkata, na tukajibu kwa kuongeza kadi.

Neno lililotumika kuuliza lilituangusha pia. Kliniki iliuliza kila mwezi "ameanguka mara ngapi?" na mama alijibu ukweli. Hakuna aliyeuliza "huwa anazubaa, anaduwaa, anapotea kidogo kisha anarudi?" Kwa mzazi wa kwetu, kifafa ni kuanguka. Kuzubaa ni tabia, na tabia haipelekwi hospitali. Swali hilo linachukua nusu dakika, na liulizwe kwa maneno hayo hayo ya nyumbani kabla ya kuandika dawa yoyote, hasa kabamazepini au fenitoini.

Namna ya kutofautisha kuduwaa na mtoto kuwaza tu mambo yake ni rahisi. Anayewaza ukimgusa bega au kumwita kwa sauti anarudi. Mwenye kuduwaa harudi mpaka kipindi kiishe chenyewe, hukatika hata akiwa katikati ya neno au ya kutafuna, na baadaye hajui kwamba alikatika. Ndiyo maana "unaangalia wapi?" humwonea. Mwalimu wa Z. sasa akiona kukatika hungoja, kisha hugonga kidole mwanzoni mwa sentensi, na sentensi husomwa yote upya. Kuanzia katikati hakufai, kwa sababu mtoto ataokota shina na kuliundia maana nyingine.

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa kipimo kile cha dakika moja. Bila 19 na 9 kuandikwa, kabamazepini ingesifiwa kwa kuondoa usingizi na kuendelea kutolewa. Kipimwe saa ile ile, kwa vifungu vya ugumu ule ule, na kisipimwe ndani ya siku mbili baada ya mtoto kuanguka, kwani kumbukumbu huwa bado nzito na namba itadanganya.

Udhaifu ambao haujarekebishwa ni kwamba kadi ya kliniki na daftari la mwalimu bado hukutana kwa miguu ya mama tu. Kwa sasa mwalimu huandika nyuma ya kadi, kila kabla ya siku ya kliniki, namba mbili: maneno kwa dakika na mistari kwa kipindi. Tabibu naye huandika pale pale kila dozi inapobadilika na tarehe yake. Z. atakapohamishwa kutoka valproeti kwenda lamotrijini, na siku hiyo haiko mbali, kupandisha dozi kutachukua wiki nyingi, kwa sababu valproeti huongeza lamotrijini mwilini na haraka huweza kuleta upele wa hatari. Katika wiki hizo kipimo kitafanyika kila Jumatano saa 2 asubuhi. Vifungu kumi na viwili vya maneno 60 vimeshaandikwa, na kila kimoja kina angalau maneno matano yanayoanza na ha- au hawa-.